Hati ya Mukuyuni Itaandikwa Jina la Nani

Mutheu,

Nyumba ya wazazi wangu pale Tulia niliipoteza mwezi wa Agosti, mwaka ule ulipoingia darasa la tatu. Watu wa mnada walikuja baadaye sana, wakachukua kuta na mabati, lakini mimi siuhesabu mnada. Nahesabu ile Jumamosi ya maombi ya kufungua nyumba. Wageni walikuwa bado na sahani mikononi, na nyumba ilikuwa imeshakwenda. Wewe ulikuwepo, na gauni lako la manjano, unagombania soda na watoto wa jirani. Hukuona kitu. Baba yako alikuja kukuambia kwamba Umau, baba yangu, alikuwa mzee mkaidi, na mimi nikanyamaza ili usikue ukiwa katikati yetu. Leo sinyamazi.

Mambo ya sweta na baridi ya Uingereza sitayaandika. Wewe ni muuguzi, unajua kuvaa. Kanisa utatafuta mwenyewe, na chakula kikikushinda utapika ugali wako. Naandika kwa sababu ya jana, na kwa sababu tukiongea kwa mdomo mimi napandisha sauti, wewe unalia, na Susu, mama yangu, kule chumbani anaanza kukohoa ili tujue anasikia. Sasa umeenda kuaga wenzako wa kwaya. Niko dukani, kalamu ni ya kukopa, na wateja wakiingia nitaacha sentensi katikati. Utanivumilia.

Jana Kioko alisimama hapo mbele ya kaunta, amevaa shati la pasi, amenishika mkono kwa mikono miwili kama kijana aliyelelewa. Akaniambia, "Mum, muanze kufunga mizigo polepole. Mwezi ujao nyinyi na Susu mnahamia kwetu Mukuyuni."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mkwe. Kisha nikakuona ukimkanyaga mguu.

"Ilikuwa sapraizi," ukasema.

"Sapraizi gani?"

"Nyumba, Mum. Vyumba vitatu, stima iko, tangi la maji kubwa. Ni yenu, wewe na Susu. Tunanunua."

"Mnanunua kwa jina la nani?"

Ukamwangalia Kioko. Kioko akaangalia magunia ya maharagwe.

"La Kioko kwa sasa," ukasema. "Mkopo ni wake, na siku ya kutia sahihi mimi nitakuwa nimeshaenda. Tutabadilisha baadaye."

Mwanangu, kuna maneno ambayo mtu akishachomwa nayo hawezi kuyasikia tena kama maneno ya kawaida. Hayo ndiyo yangu. Ndiyo maana nilirusha kile kitambaa cha kaunta. Sikuwa namrushia Kioko, umwambie.

Sasa nikueleze kutoka mwanzo.

Umau wako alikuwa fundi wa mawe. Maduka ya pale Tulia yenye msingi usiopasuka, mengi yalipita mikononi mwake. Na yeye mwenyewe alikaa maisha yake yote kwenye kona ya shamba la kaka yake wa kambo, nyumba ya udongo, kwa sababu kaka alimwambia kwa mdomo, "Kaa hapa." Hakuna karatasi. Kaka akafa. Wanawe hawakumfukuza, hao ni watu wa kanisa. Walikuja tu siku moja, watatu, wakanywa chai ya mama yangu, na mkubwa wao akasema, "Baba mdogo, sisi hatuna shida na wewe. Kaa. Ila usipande mti."

Kama umekulia mjini huelewi hilo neno. Mahindi panda, kunde panda, vitu vinavyong'olewa msimu ukiisha. Mti hapana, kwa sababu mwenye mti kesho atasema ana shamba. Baba yangu alikuwa ameotesha miche mitano ya maembe ya kupandikiza kwenye mikebe. Aliiacha kwenye mikebe ikakua mpaka mizizi ikatoboa chini, na kila wiki alikuwa anaisogeza isishike ardhi. Mzee wa miaka ile, anasogeza mikebe. Nilikuja kumtembelea nikamkuta anafanya hivyo na nikarudi Mutomo nikiwa nimeapa kwamba nitawanunulia mahali.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza biashara ya mbuzi. Unajua nilivyoanza, sitarudia. Niliingia vijijini kwa miguu, nikanunua mmoja mmoja kwa wenye shida ya karo, nikajaza lori kwa kushirikiana na Mama Hawa, yule ambaye familia yake ilishuka kutoka Garissa na duka lao likawa pale karibu na soko la mifugo. Yeye ndiye alinifundisha kwamba mbuzi hapandi lori bila alama. Wangu walikuwa na rangi ya kijani begani kushoto, wake nyekundu mgongoni. Mkifika Nairobi usiku hakuna kubishana. Sikuwahi kupoteza mbuzi hata mmoja kwa ubishi.

Ploti ya Tulia ilipatikana, na nyumba ilikuwa imefika dirishani, mwenyewe ameishiwa. Nikapiga hesabu. Katika kila shilingi kumi zilizonunua na kumaliza ile nyumba, saba zilikuwa za mbuzi wangu. Tatu zilikuwa za mkopo wa baba yako kazini. Nataka uzijue hizo saba, kwa sababu kuna watu wa ukoo wa baba yako ambao mpaka leo wanasema alinijengea wazazi.

Kwa nini basi hati haikuandikwa jina la baba yangu, au langu? Hapa ndipo pananiuma, kwa sababu siwezi kumlaumu mtu mwingine. Kitambulisho cha baba kilikuwa kimefutika, ulikuwa huoni hata uso. Kukipata kingine ni kwenda na kurudi, na kwenda na kurudi kungemfanya aulize, nami nilitaka ashtuke kwa furaha. Na mimi sikuwa na PIN ya ushuru. Sikuwa nayo kwa kusudi. Nilikuwa nauza mbuzi kwa pesa taslimu na niliona nikijiandikisha tu watu wa ushuru watakuja kunihesabia mpaka kwato. Nilijiona mjanja. Baba yako alikuwa na PIN, ameajiriwa, jina lake limenyooka. Siku ya bodi ya ardhi ilipokaribia akasema, "Tuandike langu, mama Mutheu, kazi iende. Tutabadilisha baadaye."

Nikasema sawa. Mimi, ambaye singekubali mbuzi wangu apakwe rangi ya mtu mwingine hata kwa saa moja.

(Nimerudi. Ilikuwa mzee wa pikipiki anataka unga kwa deni, eti kwa kuwa mtoto wangu anaenda ng'ambo sasa mimi ni tajiri. Nimempa kilo moja. Mbili nimekataa.)

Siku ya maombi baba alikuja na kitanda chake kwenye mkokoteni, na ile miche yake kwenye mikebe. Mama alikuja amevaa kitenge kipya, anatembea nyuma, na alipomwona baba yako mlangoni akakata kona akazunguka jikoni. Uliwahi kuniuliza mbona Susu anamkimbia baba. Hamkimbii. Ni nthoni. Mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hali naye meza moja, hakai anapokaa yeye, na kulala chini ya paa lake ndiyo aibu isiyo na dawa. Wazee wetu hawakuandika hiyo sheria mahali popote na hawakuhitaji kuiandika. Baba yako aliijua kama unavyojua jina lako.

Mchungaji akaomba. Watu wakala. Baba yangu akazunguka nyumba nzima, anagonga kuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Akaniambia, "Huyu fundi aliharakisha hapa kwenye kona, lakini itakaa." Sijawahi kumwona na uso ule. Alikuwa ameshachagua mahali pa kila mwembe.

Kisha baba yako akasimama kutoa shukrani. Aliongea vizuri, aliwashukuru wote, hata jirani aliyetuazima viti. Halafu akamgeukia baba yangu akasema kwa moyo wake wote, "Na wewe mzee, kuwa na amani. Wale watoto wa kaka yako waliokukataza mti, hawakuwezi tena. Hapa ni kwangu. Panda unachotaka. Hakuna mtu atakutoa kwangu."

Watu wakapiga makofi. Baba yangu hakupiga.

"Kwako?" akauliza.

"Taito iko na jina langu, mzee. Usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Baba akaweka sahani chini ya kiti. Aliiweka polepole, kulikuwa na nyama bado. Akaita jikoni, "Mwaitu wa Ndanu, toka tuende." Alimaanisha mama yangu; Ndanu ni mimi. Mama akatoka akijipangusa mikono, hajui chochote. Nikamshika baba mkono pale kwenye lango nikamwambia ni karatasi tu, ni jina tu.

Akaniambia, "Mimi nimejenga maisha yangu yote. Najua nyumba ni ya nani. Unataka mama yako alale kwa mkwe wake?"

"Baba, ni pesa yangu."

"Basi ungeandika hivyo."

Hayo ndiyo maneno yote. Hakunitukana. Wakaondoka, kitanda kikabaki, miche ikabaki, na usiku ule walilala kwa dada mmoja wa kanisa, na Jumatatu walikuwa wamerudi kwenye kona ya shamba la watu.

Sasa usikie hasira yangu ilivyogawanyika, maana watu wengi walikula humo. Mchungaji alimfuata baba mpaka huko akamhubiria kwamba nthoni ni giza la zamani na damu ya Yesu imetuweka huru. Sawa, mimi pia naenda kanisani. Lakini yeye mchungaji nyumba yake ina jina la nani? Baba yako akaona ameaibishwa mbele ya wageni, akaninunia. Nilimwomba abadilishe hati, nikapata PIN kwa haraka niliyopaswa kuwa nayo mwanzoni, nikampelekea. Akasema gharama. Akasema bodi haikai kila siku. Akasema, "Unaniona mimi mwizi?" Hilo swali ni kufuli, Mutheu. Mwanamume mwema akikuuliza hivyo huna pa kupitia, kwa sababu ukisema hapana mazungumzo yameisha, na ukisema ndiyo ndoa imeisha. Nilisema hapana. Mwaka uliofuata akaiweka ile hati dhamana akanunua lori, na alikuwa na haki, jina ni lake. Lori likalala porini na injini mbovu. Mnada ukaja. Akalia kuliko mimi.

Mama Hawa aliposikia alikuja dukani, akakaa kwenye debe, akasema, "Ndanu, mbuzi wa kuchinjwa kesho unampaka rangi. Nyumba ya mama yako ukaiacha hivi hivi?" Nilimfukuza. Aliondoka anacheka, na kesho yake alirudi na maziwa ya ngamia, na hatujawahi kuongea hilo neno tena.

Unajua baba yangu alizikwa wapi. Wewe ulidhani tulichagua kule Kitui mjini kwa sababu ya mvua, barabara ya kwenda nyumbani haipitiki. Hakukuwa na mvua. Wale binamu wangu watatu walikuja hospitalini wakatoa rambirambi, wakatoa na mchango, na mkubwa wao akaniita kando: "Dada, unaelewa. Kaburi ni kama mti." Fundi aliyewajengea watu nusu ya soko tumemlaza makaburi ya serikali, kati ya watu wasiomjua, kwa nambari. Nikienda pale nauliza nambari. Siku moja mlinzi aliniuliza ni wa familia gani, nikamtajia nambari tu.

Na sasa Susu. Nilimleta hapa Mutomo, vyumba viwili vya kukodi nyuma ya duka, na kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba anapiga hodi na Susu ananyamaza mpaka aondoke, kama mtu aliyejificha. Wiki iliyopita ulikuwa umeenda kuchukua visa. Nilikuwa namsuka nywele, akaniuliza bila kugeuka, "Ndanu, mimi mtaniweka wapi?" Nikajifanya sikusikia. Akauliza tena.

Hilo ndilo swali lililo mezani. Ukiniambia vyumba vitatu na tangi kubwa, sisikii. Mimi nasikia mama yangu anauliza atawekwa wapi.

Kioko amekwisha kuleta mbuzi wa ntheo. Tuliwala, nilicheka, nilivaa kitenge. Tangu siku hiyo wewe ni mke kwa Kikamba hata kama harusi ya kanisa inangoja likizo yako, na yeye ni mkwe wangu kamili. Mimi ningeweza kujikaza. Nimekunywa naye chai kwenye kaunta hii, dunia haikuanguka. Lakini Susu hatalala humo hata usiku mmoja, na wewe unamjua. Ataniambia tu, "Toka tuende." Na hata ukiweka nthoni kando, hata ukiiita ya zamani, bado nitakuwa mwanamke aliyekatazwa mti. Kioko hatanikataza kwa mdomo. Atasema panda unachotaka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Kioko si mtu mbaya. Nakuambia hivyo kabla hujamtetea kijana. Baba yako pia hakuwa mbaya. Karo yako alilipa yote, hata baada ya sisi kuachana. Ningepigana na mwizi vizuri zaidi. Nimeshapigana na wezi wa mbuzi, wanakimbia. Mtu mwema aliyesimama kwenye mlango wako anakukaribisha ndani, huyo utamfanyia nini?

Na ninakasirika na wewe pia, acha niseme. Mlikaa miezi, mkaenda kuona ploti, mkaongea na broka, mkaongea na wakili wa mjini Wote, mkaongea na mwenye kuuza. Watu wote hao wanajua nitakaa wapi nikizeeka. Mimi ndiye sikuambiwa. Ulitaka nishtuke kwa furaha. Najua ulipoitoa hiyo tabia, umeitoa kwangu, na ndiyo maana hasira hii haina mahali pa kwenda.

Sasa tuje kwenye kazi. Nimekaa nikapiga hesabu, na hakuna sababu hata moja ya jina la Kioko kuwa hapo. Mkopo wake unakatwa kwenye mshahara, haudai hati kama dhamana. Nimemuuliza mtu anayejua. Kwa hiyo hati inaweza kuandikwa jina la yeyote atakayetia sahihi. Kutia sahihi ni Ijumaa, huko Wote mjini. Mimi niko, kitambulisho changu kinasomeka, PIN ninayo na kodi ya duka nalipa, waje wanihesabie wakitaka. Arobuni uliyotoa wewe ni yako, sitaikataa, nimekulea na unataka kunishukuru, nashukuru. Sehemu ya Kioko nitamlipa. Ninachompa mwenye nyumba hapa kila mwezi nitampa yeye, na cha mbuzi wawili juu yake, mpaka iishe, na tutaandikiana mbele ya chifu. Sitaki aniachie. Akiniachia tumerudi palepale.

Ukiona aibu kumwambia, nitamwambia mimi, kwa adabu, na kitambaa nitakiacha mbali. Akikuuliza kama unamwona mwizi, usijibu hilo swali. Mwambie mama yako anauliza jina.

Na kama hamwezi, kama mmeshaahidiana na wakili na mnaona mimi ni mama mkwe msumbufu, basi mnunue. Ni nyumba nzuri, iwe yenu, mlee watoto humo, nitakuja mchana kuwaona wajukuu na jioni nitaondoka. Sitakulaani. Nitakuombea ndege yako itue salama kama nilivyopanga. Lakini msimwambie mama yangu kwamba ni yake. Hilo sitawaruhusu. Ameshahamishwa mara moja na furaha ya watu.

Gari la kukupeleka Nairobi linafika kesho saa nne. Mimi nitafungua duka saa kumi na mbili kama kawaida, na Susu atakuwa kwenye kiti chake cha mlangoni. Sitaki "tutaona," sitaki "nitaongea na Kioko nikifika," na ukilia nitangoja umalize kisha nitauliza tena. Ongea naye leo usiku. Kesho kabla ya saa tatu uje hapa kwenye kaunta unitajie jina moja litakaloandikwa Ijumaa, ulitaje kwa sauti, Susu akiwa anasikia.

Mama yako,
Ndanu